Je, wajua? Jordan wa pointi 37 na Jordan wa pointi 30, yupi alikuwa bora?

Hapa Mtwara ubishi mkubwa wa vijiweni ni Simba na Yanga, lakini vijana wa kikapu nao wana wao, nyota gani alikuwa na msimu mmoja bora kuliko wote, na kawaida huishia kwa mmoja kutoa simu na kusoma namba. Tatizo ni kwamba namba zenyewe zinapotosha. Msimu wa 1986-87 Michael Jordan alifunga wastani wa pointi 37.1 kwa mchezo. Chicago Bulls wakashinda michezo 40, wakapoteza 42, kisha Boston Celtics wakawatoa 3-0 raundi ya kwanza ya mtoano. Msimu wa 1995-96 wastani wake ulikuwa 30.4, na Bulls wakashinda 72, wakapoteza 10 tu, wakabeba ubingwa. Mtu ni yule yule, ila safari hii alikuwa na Scottie Pippen na Dennis Rodman.

Wenzake humvuta nyota pande mbili. Wakiwa dhaifu, kila mpira unamrudia yeye: anatupa sana, pointi zinapanda, lakini anakabwa na watu wawili na mitupo mingi inakuwa ya kulazimisha. Wakiwa wazuri, anapata nafasi safi na timu inashinda, ila mpira ni mmoja na lazima wagawane. Mshambuliaji wa Namungo kule Ruangwa akifunga mabao 15, na wa Yanga akafunga 15, shabiki wa Lindi hatakubali kwamba uzito ni mmoja. Naye wa Yanga atamuuliza: huyo wenu angepata namba kwetu?

Njia ya haraka ya kupima ni kuangalia timu inapomkosa nyota wake. Cleveland Cavaliers walishinda michezo 61 msimu wa 2009-10. LeBron James akahamia Miami, na msimu uliofuata wakashinda 19, wakipoteza 26 mfululizo. Bulls nao walishinda 57 msimu wa 1992-93. Jordan akastaafu kwa mara ya kwanza, wakashinda 55. Kwa hesabu hiyo LeBron ana thamani ya michezo 42 na Jordan miwili! Lakini Cavaliers walibadilisha na kocha, Shaquille O'Neal na Zydrunas Ilgauskas wakaondoka, Anderson Varejao akaumia. Bulls walimleta Toni Kukoč, Pippen alikuwa moto, na bado walishinda kwa tofauti ndogo ya pointi kuliko mwaka uliotangulia. Tena timu iliyo nzuri tayari haina nafasi kubwa ya kupanda, hivyo nyota wake huonekana ameongeza kidogo.

Tangu msimu wa 1996-97 kuna kumbukumbu za NBA, ligi hiyo ya kikapu ya Marekani, zinazoonyesha kila tukio na nani alikuwa uwanjani. Kwa hiyo unaweza kuhesabu timu inawazidi wapinzani kwa pointi ngapi nyota akiwa uwanjani, na ngapi akiwa benchi. Hapo napo pana mtego: anayempokea akiwa mbovu, nyota huonekana mkubwa kupita kiasi. Dawa yake ni kuipa kompyuta vipande vyote vya michezo ya msimu ambavyo hakuna mchezaji aliyebadilishwa, kila kimoja na majina ya wachezaji kumi na tofauti ya pointi, itafute thamani ya kila mchezaji inayoeleza matokeo yote kwa pamoja. Wawili wakizoea kuingia na kutoka pamoja, kompyuta haijui sifa impe nani. Wachambuzi huchanganya misimu kadhaa ili kupunguza utata huo, lakini sisi tuliuliza kuhusu msimu mmoja. Na Jordan wa miaka ya 80 hayumo kabisa kwenye kumbukumbu hizo.

Kwangu mimi Jordan bora si yeyote kati ya wale wawili. Ni wa 1990-91: pointi 31.5, mitupo ikiingia kwa asilimia 53.9, michezo 61 na ubingwa wa kwanza, Pippen akiwa ndiyo kwanza anakomaa. Ila tukiweka wenzake kwenye mizani, namtanguliza Hakeem Olajuwon wa 1993-94, mzaliwa wa Lagos. Houston Rockets walitwaa ubingwa bila mchezaji mwingine aliyeitwa timu ya nyota wa ligi msimu ule, naye akawa mchezaji bora wa msimu, mlinzi bora na mchezaji bora wa fainali. Hakuna mwingine aliyewahi kuzoa tuzo zote tatu kwa msimu mmoja. Anayetaka kunibishia aanzie kwenye ulinzi, maana mitupo ambayo wapinzani waliogopa kuitupa mbele ya Hakeem haimo kwenye orodha ya pointi inayosomwa kwenye simu.