Tiba shufaa kwa mtoto aliye tumboni

Wengi wakisikia tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia maumivu na mateso mgonjwa ambaye ugonjwa wake hauponi, humfikiria mgonjwa wa saratani aliyelazwa siku zake za mwisho. Lakini huduma hiyo inaweza kuanza mimba ikiwa ya wiki 20, pale ultrasaundi inapoonyesha kwamba mtoto huenda asiishi muda mrefu: fuvu na sehemu kubwa ya ubongo havikuumbika, figo zote mbili hazipo, au ana kromosomu (kibeba urithi ndani ya seli) ya ziada ya namba 13 au 18.

Kwanza ugonjwa wenyewe ujulikane vizuri. Mgongo wazi na kichwa kikubwa ni habari nzito, ila mara nyingi hutibika kwa upasuaji. MOI, taasisi ya mifupa na mishipa ya fahamu pale Muhimbili, Dar es Salaam, na hospitali ya CURE huko Mbale, Uganda, hufanya kazi hiyo. Mama wa mtoto kama huyo anahitaji kujifungulia karibu na madaktari hao, si kuandaliwa msiba. Omba bingwa arudie kipimo kabla hujaamua lolote.

Hali ikithibitika, tiba shufaa ni mpango wa wazazi na wahudumu. Nani atampokea mtoto? Awekwe kwenye mashine ya kupumulia au apakatwe na mama? Akiumwa au akihangaika kupumua, apewe dawa gani? Je, kuna sababu ya kumpasua mama, ilhali kovu lile lina hatari zake kwa mimba zijazo? Atabatizwa au ataadhiniwa na nani? Majibu yaandikwe kwenye faili, ili mkunga wa zamu ya usiku asimhoji mama upya katikati ya uchungu. Mpango hubadilika pia: wapo watoto wachache wenye kromosomu ya ziada ya 18 wanaovuka mwaka.

Muda wote huo kliniki inaendelea, presha na damu vinapimwa kama kawaida. Kumwambia mama "nenda nyumbani ukasubiri" si tiba shufaa.

Jambo linalosahaulika mno ni maziwa. Hujaa siku ya pili hadi ya nne hata kama mtoto amefariki, na mama ambaye hakuambiwa hushtuka vibaya. Sidiria inayoshika vizuri na vitambaa vya baridi husaidia. Akamue kidogo tu, kupunguza maumivu. Ipo dawa ya kuyakausha, lakini haimfai kila mama, hasa mwenye presha, kwa hiyo aulizwe daktari kabla ya kuruhusiwa kutoka wodini.