Kuosha mbegu za kiume si kumtibu mwanamume

Kuosha mbegu ni kazi ya maabara. Manii yakishatolewa huachwa kama nusu saa yayeyuke, ndipo mbegu hai zenye mwendo mzuri zinapotenganishwa na majimaji, seli nyeupe na mbegu zilizokufa, kisha hupelekwa kwenye mji wa mimba au hukutanishwa na yai nje ya mwili.

Hapa Mtwara, hata hivyo, utamsikia mtu akisema kwamba fulani "anakunywa dawa ya kuosha mbegu", na wauza dawa mitaani hawalikanushi jambo hilo. Hakuna dawa ya kunywa inayofanya kazi hiyo. Mkulima wa Newala akichambua korosho zake kabla ya kuzipeleka ghalani, hapati hata moja zaidi ya alizovuna. Vivyo hivyo, mwenye mbegu milioni 3 kwa mililita, wakati kiwango cha chini cha rejea katika mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 ni milioni 16, hazidishiwi mbegu zake kwa kuoshwa.

Sababu ya kuosha ni nyingine kabisa. Majimaji ya manii yana kemikali ziitwazo prostaglandini, ambazo zikiingizwa moja kwa moja katika mji wa mimba huweza kuukaza kwa maumivu makali. Katika tendo la kawaida ute wa shingo ya kizazi huyazuia majimaji hayo na kuziacha mbegu zipite, na maabara huiga kazi hiyohiyo.

Katika njia ya kuogelea, kimiminika cha lishe huwekwa juu ya manii, neli ikainamishwa kwenye joto la nyuzi 37 kwa takriban saa moja, na mbegu zenye nguvu hupanda zenyewe zikachotwa. Nyingi hubaki chini, kwa hiyo njia hii huwafaa wenye mbegu za kutosha. Katika njia ya tabaka, manii huzungushwa kwa mashine juu ya vimiminika viwili vyenye chembe ndogo za silika (madini kama ya mchanga), kwa kawaida cha asilimia 40 juu ya cha asilimia 80. Mbegu nzima huzama hadi chini, mbovu hukwama njiani. Hii hupendelewa mbegu zikiwa chache.

Tafiti zilizolinganisha njia hizi katika upandikizaji wa mbegu kwenye mji wa mimba hazijathibitisha kwamba mojawapo huleta mimba nyingi zaidi. Kwa hiyo wenzi wanaofika kliniki wakidai "ile ya tabaka, ndiyo yenye nguvu" wangeanza kwa kuomba wasomewe majibu ya kipimo cha manii, kwani njia huchaguliwa kutokana na majibu hayo.