Maana ya kulazwa nyumbani

Daktari akikuandikia ruhusa, umetoka hospitali: unalipa bili, unapewa dawa na tarehe ya kliniki, unaenda zako. Kulazwa nyumbani ni jambo jingine. Mgonjwa angali wa wodi. Faili lake liko mezani kwa muuguzi, daktari anampitia kila siku, mara nyingi kwa simu ya video, na dawa na vipimo vinaagizwa na hospitali. Kilichohama ni kitanda.

Nguzo yake moja ni ufuatiliaji wa mbali: vifaa vinaachwa nyumbani, vinapima mwili na kutuma namba hospitali kwa mtandao. Tuseme ni mama wa miaka 67, anakaa Ahero, moyo wake umechoka na miguu hujaa maji. Asubuhi, akishakwenda haja na kabla ya chai, anapanda mizani. Uzito ukiongezeka zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, hajanenepa. Maji yanarudi mwilini, na daktari anaweza kumwongezea dawa ya kukojoa kabla hajaanza kukosa pumzi usiku. Kisha presha: akae kimya dakika 5, mkono uegemee meza usawa wa moyo, asizungumze na wajukuu mashine inapombana. Halafu kibanio cha kidoleni, kinachosoma oksijeni kwa mwanga. Kidole kikiwa baridi, au kucha ikiwa na rangi, namba huweza kudanganya.

Hapo pana jambo ambalo familia zetu zinastahili kuambiwa waziwazi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kuwa kibanio hicho kilikosa kuona upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara 3 zaidi ya kwa weupe. Kwa hiyo mama akihema kwa shida, aonwe na daktari hata kama kioo kinasoma oksijeni asilimia 94, namba inayoweza kuonekana salama.

Nguzo ya pili ni watu, na bila hao vifaa ni mapambo. Serikali ya Marekani ilipoanza kuzilipa hospitali kwa huduma hii Novemba 2020, iliweka masharti: mgonjwa atembelewe nyumbani angalau mara 2 kwa siku, na hali ikibadilika ghafla msaada umfikie ndani ya dakika 30.

Kenya tulionja kidogo mwaka huohuo, wagonjwa wa korona wasio na dalili kali walipotunzwa majumbani. Tangu 2023 wahudumu wa afya ya jamii wanazunguka vijijini na mashine za presha na sukari mkobani. Naithamini sana kazi yao, ila huko si kulazwa. Mhudumu anapima, anashauri, anakuelekeza kwenye kituo cha afya.

Ukiambiwa mzazi wako anaweza kulazwa nyumbani, basi, uliza. Namba ikishuka saa nane usiku, nani anaiona? Atafika na nini, kwa njia gani, mto Nyando ukiwa umevunja kingo? Stima ikipotea, betri inakaa saa ngapi? Na nani atakesha naye? Mara nyingi ni binti au mkaza mwana, mwenye kazi zake na watoto wake, na aghalabu ndiye mtu pekee ambaye hakuna aliyemuuliza kama ataweza.