Mtoto Alipaliwa na Bisi, Akakohoa, Akanyamaza: Maswali Ninayoulizwa Wodini

Kila baada ya Idi na likizo za shule, wodi ya watoto ninayofanyia kazi hapa Mombasa humpokea mgonjwa yule yule mwenye sura tofauti. Ana mwaka na nusu, pengine miwili. Ana homa, anakohoa wiki ya tatu, na chupa mbili za dawa ya kifua zimeshakwisha. Tunamuuliza mama, tunauliza tena, ndipo anakumbuka: "Aa, kuna siku alipaliwa na bisi kule Lighthouse, ufukweni. Lakini alikohoa, yakaisha."

Hayakwisha, mamangu.

Bisi ni nini hasa?

Ni mahindi, lakini si mahindi yoyote. Yale ya kupikia pure ukiyatia kwenye sufuria ya moto yataungua tu. Ya bisi yana ganda gumu lisilopitisha mvuke, na ndani ya punje mna maji kidogo, asilimia 14 hivi. Moto ukikaribia nyuzi 180 za Selsiasi, maji hayo huwa mvuke unaotafuta pa kutokea. Ganda huuzuia hadi linashindwa, linapasuka, na wanga wa ndani unafura kama povu kisha unakauka. Likumbukeni hilo ganda, maana ndilo litakalotuleta wodini.

Zilitoka wapi?

Huulizwa na baba anayesubiri majibu ya maabara. Bara la Amerika. Pwani ya kaskazini ya Peru yamechimbuliwa masalia ya bisi ya miaka 6,700 hivi. Kwetu mahindi yalifika zama za Wareno. Mashine ya kukaangia bisi barabarani ilitengenezwa na Charles Cretors wa Chicago, akaionyesha kwenye maonyesho makubwa ya mji huo mwaka 1893, na vile visanduku vya vioo mnavyoviona ufukweni Mama Ngina jioni ni wajukuu wake. Basi, turudi kwa mtoto.

Kwani ni chakula kibaya?

Kwa mtu mzima, la. Ni nafaka nzima, ina nyuzinyuzi, na kikombe kimoja kisichotiwa mafuta kina kalori 30 hivi. Mwenye presha aombe zisizo na chumvi. Sina ugomvi na bisi. Ugomvi wangu ni na mkono unaompa mtoto wa miaka miwili ili anyamaze.

Apewe akiwa na umri gani?

Akishatimiza miaka minne, tena akiwa ameketi. Si akikimbia, si kwenye tuktuk inayorukaruka, si akiwa mgongoni. Magego ya nyuma kabisa ya utotoni hutoka baina ya miaka miwili na mitatu, na hata yakishatoka, mtoto bado hajajua kusaga. Humeza nzima nzima huku anacheka.

Karanga zina hukumu hiyo hiyo. Mabuyu pia: mtoto hufyonza ile rangi na sukari, kisha hubaki na kokwa inayoteleza mdomoni.

Lakini bisi ni laini, si zinayeyuka ulimini?

Ule weupe hulainika. Ganda haliyeyuki. Ni kile kigamba kinachokukwama menoni mpaka usiku, wewe mwenye meno 32. Na zile punje za chini ya pakiti zisizopasuka hufyonza unyevu na kuvimba zikiwa ndani ya njia ya hewa.

Na murmura?

Mchele uliofurishwa hauna ganda, ni mwepesi zaidi. Ila Mombasa nani hula murmura kavu? Tunaila ndani ya chevda, pamoja na karanga na dengu za kukaanga. Mtoto mdogo asipewe.

Alipaliwa, akakohoa sana, kisha akanyamaza na kurudi kucheza. Si amepona?

Hapana.

Kitu kikiwa kwenye bomba kuu la hewa, mwili hupiga makelele. Kikiteleza kwenye tawi la pafu, mara nyingi la kulia kwa kuwa ni pana na limenyooka zaidi, kifua hukizoea. Kikohozi kinatulia, mtoto anacheka, mzazi anashukuru. Huko ndani makohozi yamezibiwa njia, vijidudu vinazaana, na baada ya siku au wiki huja homa, nimonia, au pafu kusinyaa. Wengine hupewa dawa za pumu bure, kwa kuwa kifua kinapiga filimbi. Filimbi ya upande mmoja tu ituamshe sote.

Nisubiri siku ngapi nione?

Hata moja. Alipaliwa, uso ukageuka rangi au akakohoa mfululizo: hospitali siku hiyo hiyo, hata kama amenyamaza. Hasa kama amenyamaza.

Alipigwa eksirei, ikaonekana safi.

Eksirei huonyesha sarafu. Bisi na karanga mara nyingi haionyeshi. Kipimo kikubwa ni maneno yako: "Alipaliwa, siku fulani, na kitu fulani." Yaseme hata usipoulizwa. Kuna mama aliyekaa siku nne wodini bila kutaja bisi kwa sababu aliyezitoa ni mama mkwe, na hakutaka maneno nyumbani. Siku nne tunatibu nimonia, na punje imekaa pale pale.

Nimpe tonge la wali liisukume?

Tonge hupita njia ya chakula, bisi iko njia ya hewa. Unamwongezea cha pili cha kumkaba. Maji pia usimpe, wala usimpige utosini, wala usimtumbukize kidole kutafuta usichokiona.

Anakabwa sasa hivi, nifanyeje?

Akikohoa kwa nguvu, mwache akohoe, kaa naye. Asipoweza kulia, kukohoa wala kupumua, mwinamishe, umpige mgongoni kati ya mabega mara tano kwa kiganja. Ikishindikana, aliyezidi mwaka mmoja mkumbatie kwa nyuma, ngumi juu ya kitovu chini ya mbavu, vuta ndani na juu mara tano. Wa chini ya mwaka mmoja tumbo lake lisiguswe: mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa chini, umpige mgongoni mara tano, kisha mgeuze chali, bonyeza katikati ya kifua kwa kitako cha kiganja kimoja mara tano. Rudia. Akizimia, mlaze na uanze kumbonyeza kifua na kumpulizia pumzi, huku mwingine akipiga 112 au akitafuta gari. Ikitoka, bado mlete.

Atapasuliwa?

Kwa kawaida hapana. Hupewa nusukaputi, daktari akapitisha bomba lenye taa mdomoni na kuivuta. Aliyewahishwa mara nyingi harudi nyumbani na kovu wala pafu bovu. Aliyecheleweshwa hutoka damu na usaha kabla punje haijaonekana.

Nyanya yake husema alilea watoto saba kwa bisi na karanga, na wote wazima.

Mwamkie shikamoo, mmiminie chai, kisha uliondoe bakuli.