Lee J. Cobb, mzee wa kazi

Waliomwona mwigizaji wa Marekani Lee J. Cobb katika filamu humkumbuka kwa sura moja: baba mwenye kifua kipana, nyusi nzito na hasira isiyokaa mbali. Sura ilibaki akilini, jina likasahaulika, na ndiyo maana mengi yanayosimuliwa kumhusu ni ya kukisia, la kwanza likiwa kwamba alianza kuigiza akiwa mtu mzima aliyekwisha kuota mvi.

Mvi hizo zilikuwa za kazi. Cobb alizaliwa New York mwezi Desemba 1911, na katika filamu Golden Boy ya mwaka 1939 alikuwa baba wa kijana aliyeigizwa na William Holden, ilhali alimzidi Holden kwa miaka isiyotimia saba. Tarehe 10 Februari 1949, katika ukumbi wa Morosco huko Broadway, mtaa wa kumbi za tamthilia jijini New York, watazamaji wa tamthilia ya Death of a Salesman walimwona Willy Loman, wakala wa mauzo mwenye miaka 63, akirejea nyumbani usiku na masanduku mawili makubwa ya sampuli yaliyomlemea mikononi. Aliyeyabeba alikuwa na miaka 37. Arthur Kennedy, aliyeigiza mwanawe wa kwanza, alikuwa mdogo wake kwa miaka miwili na ushei, na Mildred Dunnock, mkewe wa jukwaani, alimzidi kwa zaidi ya miaka kumi. Jukwaani hakuna kamera ya kusogezwa karibu wala ya kuondolewa, kwa hiyo umri huo ilibidi ukae mgongoni na katika hatua zake kuanzia pazia lilipofunguliwa hadi lilipofungwa.

Wapo wanaoamini kwamba Arthur Miller, mwandishi wa tamthilia hiyo, alimwandikia Cobb nafasi hiyo. Miller alimfikiria Willy kuwa mtu mdogo wa umbo, na kuna mahali Willy anaeleza jinsi alivyomzaba kofi mwenzake aliyemwita uduvi. Mtu wa umbo la Cobb haitwi uduvi, kwa hiyo tusi likabadilishwa, akafananishwa na yule mnyama mnene wa bahari za barafu mwenye meno marefu kama pembe za ndovu. Dustin Hoffman, ambaye ni mfupi, alipoichukua nafasi hiyo mwaka 1984, uduvi alirudishwa.

Kuhusu tuzo, kumbukumbu za watu zimekuwa karimu kupita kiasi. Tamthilia ilipata Tony, tuzo ya tamthilia za Broadway, Kennedy akapata yake, lakini ile ya mwigizaji mkuu ilikwenda kwa Rex Harrison. Filamu ya Death of a Salesman ilipotengenezwa mwaka 1951, Willy alikuwa Fredric March. Cobb aliirudia nafasi yake mwaka 1966 katika runinga ya CBS, tena pamoja na Dunnock. Oscar aliteuliwa mara mbili, kwa On the Waterfront na The Brothers Karamazov, na mara zote mbili alitoka mikono mitupu. Katika On the Waterfront waliteuliwa watatu kwa tuzo moja ya mwigizaji msaidizi, yeye, Karl Malden na Rod Steiger, na wote watatu wakashindwa na Edmond O'Brien wa filamu nyingine. Hata hivyo, kumwita nyota aliyeshindwa ni kutoielewa kazi yenyewe. Steringi huuza tiketi kwa kuwa yeye yule kila filamu; mtu kama Cobb huajiriwa kwa sababu anaweza kuwa jaji, jambazi, daktari au mfalme.

Jambo linalosimuliwa kwa urahisi mno ni ushahidi wake mbele ya kamati ya Bunge la Marekani iliyokuwa ikiwasaka wakomunisti. Husemwa kwamba alikimbilia kuwataja wenzake ili anusuru kazi. Cobb alitajwa na mwigizaji Larry Parks mwaka 1951, akakataa kushirikiana na kamati kwa miaka miwili, huku kazi zikikauka, fedha zikiisha na mkewe akiugua. Mwaka 1953 alikubali, akataja watu 20. Miaka ile miwili haiyafuti majina yale 20, na mimi sioni sababu ya kuyafuta. Lakini neno "alikimbilia" si la kweli. Mwaka uliofuata ilitoka On the Waterfront, ambayo shujaa wake ni mtu anayetoa ushahidi, ikiongozwa na Elia Kazan na kuandikwa na Budd Schulberg, ambao nao walikuwa wamewataja wenzao mbele ya kamati hiyo. Cobb alipewa nafasi ya Johnny Friendly, mbabe wa bandarini anayetolewa ushahidi.

Hata 12 Angry Men ya mwaka 1957 hudhaniwa kuwa tamthilia ya jukwaani iliyohamishiwa kwenye filamu, kwa sababu tu wazee wa baraza 12 wanaoamua kesi wamefungiwa chumba kimoja. Ilianzia kwenye runinga mwaka 1954, na huko mzee wa baraza wa tatu aliigizwa na Franchot Tone. Cobb ndiye aliyeichukua nafasi hiyo kwenye filamu. Mwishoni anatupa pochi mezani, inachomoza picha yake na mwanawe waliyekosana. Anaichana vipande, kisha analia.

Mwaka 1968 alimwigiza King Lear, mfalme mzee wa tamthilia ya Shakespeare, katika Lincoln Center jijini New York, akiwa na miaka 56. Alifariki tarehe 11 Februari 1976, umri wake ukiwa miaka 64, mmoja tu zaidi ya Willy Loman.