Yusufu Alifikia Wapi Bethlehemu?

Kila ifikapo Desemba, watoto wa shule ya Jumapili katika usharika wetu huigiza kuzaliwa kwa Yesu, na kila mwaka huwapo mtoto mmoja anayesimama mlangoni akiwa ameshika kipande cha boksi kilichoandikwa kwa herufi kubwa: VYUMBA VIMEJAA. Yusufu anapiga hodi, anakataliwa. Anakwenda mlango wa pili, anakataliwa tena, huku Mariamu akijishika kiuno kwa uchungu, mpaka mtu mmoja anapowaonea huruma na kuwaonyesha zizi lililo nyuma ya nyumba. Mwaka juzi, baada ya ibada, mama mmoja mzee alinisubiri nje chini ya mti. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akaniuliza bila kuzunguka: "Mwalimu, hivi huyu Yusufu hakuwa na hata ndugu mmoja huko kwao?"

Ninafundisha Agano Jipya na lugha yake ya Kiyunani katika chuo cha theolojia, na nimeulizwa maswali mengi magumu na wanafunzi waliosoma sana, lakini ni machache yaliyonigusa kama hilo. Mama yule alikuwa amefanya, kwa akili yake ya kawaida na uzoefu wake wa maisha ya ukoo, jambo ambalo Luka anawasifia watu wa Beroya katika Matendo 17:11, kwamba waliyachunguza maandiko kila siku "waone kwamba mambo hayo ndivyo yalivyo". Tukumbuke kwamba aliyekuwa akichunguzwa na watu wale ni Paulo mwenyewe, naye hakukasirika. Basi nami sioni sababu ya igizo letu la Krismasi kuogopa kuchunguzwa.

Kabla sijaingia katika sura ya pili ya Luka, naomba niseme jambo kuhusu neno mapokeo, kwa sababu wapo wanaolisikia kama tusi. Katika Marko 7:8 Yesu anawaambia Mafarisayo, "Ninyi mwaiacha amri ya Mungu, na kuyashika mapokeo ya wanadamu," na mstari huo hutumiwa mara nyingi kama rungu. Lakini Paulo naye anawaandikia Wathesalonike wasimame imara na kuyashika mapokeo waliyofundishwa, na katika Kiyunani neno ni lile lile moja, yaani kitu kilichokabidhiwa mkono kwa mkono. Kwa hiyo suala la kuuliza juu ya pokeo lolote ni nani alilikabidhi, lilianza lini, na linasimamaje mbele ya andiko. Mengine yatakutwa yamo katika andiko lenyewe, mengine andiko linayaachia nafasi ingawa haliyataji, na mengine yanalipinga waziwazi. Kwa uzoefu wangu, sisi Walutheri ni hodari wa kuyaona mapokeo ya makanisa mengine, huku yetu tukiyasoma kana kwamba ni aya.

Luka anaeleza kwamba Yusufu alipanda mpaka Bethlehemu "kwa kuwa yeye ni wa mbari na jamaa ya Daudi". Ukisoma maneno hayo ukiwa umelelewa katika nchi zetu, unajua maana yake. Mtu wa mbari fulani anarudi katika mji wa mbari hiyo, tena akiwa na mchumba mjamzito. Hata kama alizaliwa mbali, hata kama hawajawahi kumwona uso, akishataja jina la baba yake na la babu yake, mlango utafunguliwa. Zaidi ya hapo, Luka amekwisha kutuambia katika sura ya kwanza kwamba Elisabeti, jamaa yake Mariamu, alikaa katika nchi ya milima ya Yuda, na kwamba Mariamu aliwahi kukaa naye kwa miezi kama mitatu. Hawa hawakuwa watu wasio na wenyewe.

Halafu kuna mstari wa sita, ambao karibu kila igizo huuruka. "Ikawa, katika kukaa huko, siku zake za kuzaa zikatimia." Walikuwa wamekwisha kufika, na walikuwa wanakaa. Andiko halisemi walikaa siku ngapi, wala halisemi kwamba uchungu ulimshika njiani au usiku ule ule wa kuwasili. Ile haraka ya kugonga milango imetoka wapi, basi? Dalili zake tunaziona katika maandishi ya karne ya 2 yajulikanayo kama Injili ya Awali ya Yakobo, ambayo hayamo katika Biblia. Humo ndimo Mariamu amepanda punda, anamwambia Yusufu amshushe kwa kuwa mtoto anataka kutoka, nao wangali njiani, hawajafika mjini. Yusufu anatafuta mahali pa kumsitiri, anaona pango. Punda wa Mariamu naye ametoka huko. Luka hana punda.

Sasa tufike kwenye mstari wa saba, ambapo msomaji wa Kiswahili ana mzigo wake wa pekee. Biblia ya Union Version, iliyotoka kamili mwaka 1952 na ambayo wengi wetu tumeikariri tangu utotoni, inasema Mariamu alimlaza mwanawe katika hori ya kulia ng'ombe, "kwa sababu hawakupata nafasi katika nyumba ya wageni". Nchini Tanzania maneno "nyumba ya wageni" yameandikwa kwenye vibao vya gesti karibu na kila stendi ya mabasi, kwa hiyo mtu anayesikia mstari huo anaona mapokezi, daftari la kuandikisha majina, na mhudumu mwenye funguo anayetikisa kichwa. Siwalaumu watafsiri, kwa maana walifuata ufahamu uliokuwa umeenea katika tafsiri za Ulaya kwa karne nyingi. Lakini neno la Kiyunani lililo pale ni kataluma, na Luka anapotaka kusema gesti, analo neno jingine.

Neno hilo jingine analitumia katika sura ya 10, katika mfano wa Msamaria mwema. Pale yule aliyejeruhiwa na wanyang'anyi anapelekwa kwenye pandokheion, yaani mahali panapopokea watu wote kwa malipo, na kuna mwenye nyumba anayepewa dinari mbili. Tafsiri yetu inapaita hapo pia "nyumba ya wageni", na ndivyo maneno mawili tofauti ya Luka yalivyogeuka kuwa moja mikononi mwetu. Kinyume chake, katika sura ya 22 Yesu anapowatuma Petro na Yohana waandae Pasaka, anawaambia wamuulize mwenye nyumba kilipo chumba cha wageni, na hapo neno ni kataluma, lile lile la Bethlehemu. Ni chumba ndani ya nyumba ya mtu.

Ni lazima niseme pia upande wa pili, maana kupima kwa mizani iliyoegemea upande mmoja ni kudanganya. Katika tafsiri ya kale ya Kiyunani ya Agano la Kale, kataluma halimaanishi chumba cha nyumbani kila mara. Katika Kutoka 4:24 ni mahali ambapo Musa alilala njiani akirudi Misri, na hapo huwezi kufikiria sebule ya jamaa. Kwa hiyo neno hili ni pana, na mtu akisema kwa ukali kwamba haliwezi kamwe kumaanisha nyumba ya kulala wasafiri, amevuka mpaka wa ushahidi.

Nimetafuta kwa miaka jinsi ya kuwaeleza wanafunzi upana huo, na mwishowe niligundua kwamba Kiswahili kina neno lake tayari. Mtu akija mjini tunamuuliza, "Umefikia wapi?" Anaweza kujibu kwamba amefikia gesti, au amefikia kwa shangazi yake. Kitenzi kilichozaa neno kataluma kina maana hiyo hiyo ya kufungua mizigo na kufikia mahali, na Luka anakitumia katika sura ya 19 watu wanaponung'unika kwamba Yesu amefikia kwa Zakayo, mtu mwenye dhambi. Kataluma, basi, ni mahali pa kufikia. Tukisoma hivyo, mstari wa saba unasema kwamba hawakupata nafasi pale pa kufikia, na ni lazima muktadha utuambie ni pa namna gani. Muktadha ni mji wa ukoo wake, watu wengi waliokuja kuandikwa, na Luka aliyelihifadhi neno la gesti kwa ajili ya gesti. Hukumu yangu, ambayo niko tayari kuitetea darasani, ni kwamba chumba cha wageni katika nyumba ya jamaa kilikuwa kimejaa.

"Na hori je?" Hilo ndilo pingamizi ninaloletewa kila mara, kwamba penye hori ni zizini, na zizi liko nje. Hapa naomba nirudi kwa bibi yangu, mzaa baba, huko Uchagani. Nyumba yake ya zamani, ile ya msonge iliyoezekwa kwa nyasi mpaka chini, ilikuwa na mlango mmoja tu. Ukiinama na kuingia, mkono mmoja walikuwa ng'ombe wake wawili na mbuzi, mkono mwingine kitanda, na katikati mafiga. Ng'ombe walilishwa humo humo ndani, majani na vipande vya mgomba vikitupwa katika gogo lililochongwa, na joto lao lilitusaidia usiku wa baridi ya mlimani. Mtoto mchanga katika nyumba ile alilala hatua tatu kutoka kwenye gogo hilo. Hakuna mtu aliyeona kwamba mtoto amelazwa nje au amekataliwa.

Nyumba za wakulima wa Palestina zilikuwa na mpangilio wa jamaa hiyo hiyo, nazo ziliendelea kujengwa hivyo mpaka karne ya 20. Zilikuwa na chumba kimoja kikubwa, sehemu ya chini karibu na mlango ikiwa ya wanyama, na sehemu iliyoinuliwa ikiwa ya watu, na hori zikichimbwa ukingoni mwa sakafu hiyo ya juu. Maandiko yenyewe yanagusia jambo hili kwa kupita. Katika 1 Samweli 28 yule mwanamke wa Endori ana ndama aliyenona nyumbani mwake, naye anamchinja usiku ule ule ili Sauli ale. Zizi, kama jengo la peke yake, halitajwi kabisa katika habari ya kuzaliwa kwa Yesu. Sisi ndio tuliolijenga kutokana na hori.

Ng'ombe na punda waliosimama kando ya mtoto nao wana chimbuko lao. Isaya 1:3 inasema, "Ng'ombe amjua bwana wake, na punda ajua kibanda cha bwana wake," na katika tafsiri ya Kiyunani kile "kibanda" ni neno lile lile analotumia Luka kwa hori. Wakristo wa kale waliunganisha mistari hiyo miwili, na naliona ni tafakari zuri, mradi tujue kwamba ni tafakari. Pango nalo nisingelitupa. Yustino Mfia Dini, ambaye alizaliwa Palestina yenyewe, analitaja katikati ya karne ya 2, na Kanisa la Kuzaliwa kwa Yesu, lililoanzishwa wakati wa Konstantino katika karne ya 4, limesimama juu ya pango. Katika milima ile watu walijenga nyumba mbele ya mapango na kuwaweka wanyama ndani, kwa hiyo pokeo hili linaweza kukaa pamoja na Luka bila kugombana.

Kuhusu mamajusi sina haja ya kusema mengi. Mathayo hataji idadi yao, bali tunu zao tatu, ambazo ni dhahabu, uvumba na manemane. Picha za kale katika makaburi ya chini ya ardhi huko Roma zinaonyesha mahali pengine wawili na mahali pengine wanne, na Wakristo wa Siria walihesabu kumi na wawili. Ufalme wao umetokana na Zaburi 72 na Isaya 60. Tena Mathayo anasema waziwazi kwamba "waliingia nyumbani", na Herode baadaye anawaua watoto wa kuanzia miaka miwili kwenda chini, jambo linaloonyesha kwamba huenda muda ulikuwa umepita. Kuwapanga pamoja na wachungaji kando ya hori usiku ule ni kuunganisha injili mbili ambazo zenyewe hazikuunganisha.

Nilimrudia mama yule wiki iliyofuata nikiwa na Biblia, tukasoma Luka 2 mstari kwa mstari kwenye baraza lake. Tulipofika kwenye hori alininyamazisha kwa mkono, akafikiri, kisha akasema, "Kumbe alizaliwa ndani. Basi wanawake wa nyumba ile walikuwapo." Nilimjibu kwamba Luka hawataji wanawake hao, na kwamba hapo tumefika pale ambapo andiko limenyamaza. Akakubali, lakini akaniambia hajawahi kuona nyumba ya ukoo ambamo binti anajifungua na wanawake hawapo.

Desemba iliyopita mwalimu wa shule ya Jumapili aliniomba nimsaidie kurekebisha igizo. Lile boksi la VYUMBA VIMEJAA tuliliondoa. Mtoto aliyekuwa amepangiwa kulishika alipewa kazi ya kufagia hori na kutandika nyasi kavu, na wasichana wawili wakaingia na ndoo ya maji. Nilimwomba mwalimu awaeleze watoto kabla ya kuanza kwamba ndoo ile tumeiongeza sisi, na kwamba hori imo katika mstari wa saba.