Je, wajua? Mashine iliyozubaa ndiyo iliyoharakisha muziki wa Miles Davis

Chukua santuri ya zamani ya Kind of Blue, albamu ya jazz ambayo Miles Davis aliitoa Agosti 1959, kisha jaribu kupiga piano pamoja na upande wake wa kwanza. Hamtaelewana. Santuri iko juu kidogo kuliko piano, na ukihamia kibonye kinachofuata unajikuta umepitiliza, kwa sababu tofauti yenyewe haifiki nusu toni. Ukigeuza upande wa pili, mnapatana bila shida.

Albamu hiyo ilirekodiwa kwa siku mbili tu, Machi 2 na Aprili 22, 1959, katika studio ya kampuni ya Columbia iliyokuwa ndani ya jengo la kanisa la zamani, Mtaa wa 30, New York. Nyimbo tatu za upande wa kwanza, yaani So What, Freddie Freeloader na Blue in Green, zote ni za ile siku ya Machi. Kasoro iko humo.

Wa kwanza kulaumiwa huwa wanamuziki: eti hawakutyuni vyombo. Ni lawama nyepesi mno. Tarumbeta ya Davis na saksafoni za John Coltrane na Cannonball Adderley zinaweza kupandishwa au kushushwa kwa midomo wakati mtu anapuliza, lakini piano haibembelezeki namna hiyo, na besi ya Paul Chambers imo humohumo ndani ya kiwango kilekile. Wote wanapatana wao kwa wao. Kundi zima limepanda pamoja, na kundi halipandi pamoja kwa bahati mbaya.

Basi lawama inahamia kwenye mashine ya kurekodia, na hapo watu wengi wanakosea kwa namna ya kuvutia. Wanasema mashine ilikwenda mbio, ndiyo maana muziki ukatoka mbio. Inaingia akilini haraka, ila ni kinyume kabisa. Mashine ilikwenda polepole.

Anayekumbuka radio kaseti za betri atanielewa. Betri zikichoka wakati unasikiliza, mwimbaji anazama, anakuwa na sauti ya mtu aliyeamshwa usiku wa manane. Hilo kila mtu analijua. Sasa fikiria umerekodi kwa betri zilizochoka, kisha ukaweka betri mpya ndipo ukasikiliza. Wakati wa kurekodi, kanda ilikuwa inajikokota mbele ya kichwa cha kurekodia, kwa hiyo sauti ya sekunde moja ilibanwa kwenye kipande kifupi kuliko kinachostahili. Betri mpya zinakipitisha kile kipande kifupi kwa mwendo wa kawaida, na kinakwisha kabla sekunde haijatimia. Mtetemo uleule unafika sikioni ndani ya muda mfupi zaidi, na mtetemo ulioharakishwa ni noti iliyopanda. Shangazi aliyerekodi salamu anasikika kama mtoto.

Mashine ya studio haikutumia betri, lakini hesabu haibadiliki. Kasi ya kawaida ya kanda za studio ni inchi 15 kwa sekunde. Tuseme, kwa mfano tu, mashine ikajikokota kwa inchi 14.8. Noti ya mitetemo 440 kwa sekunde, ile ambayo wanamuziki hutyunia, ikichezwa kwa kasi sahihi itatoka karibu 446. Wimbo wa dakika 9 utapungua kama sekunde 7. Ili kupanda nusu toni nzima ingebidi kasi ipishane kwa karibu asilimia 6, jambo ambalo lingeshtua studio nzima. Hitilafu ndogo kama hii hupita mlangoni bila kubisha hodi.

Hata hivyo, piano ya nyumbani kutopatana na santuri si ushahidi wa kutosha. Piano ya studio ingeweza kutyuniwa juu kidogo kwa makusudi. Zipo okestra zinazotumia 442 na hakuna anayeziita mbovu. Kilichomaliza ubishi ni tahadhari ya Columbia yenyewe: siku ya kurekodi, mashine mbili ziliendeshwa kwa pamoja, moja kuu na nyingine ya akiba. Ile ya akiba ilikwenda kwa kasi sahihi. Santuri zikatengenezwa kutokana na kanda ya mashine kuu, kama ilivyo desturi, na ile iliyo sahihi ikakaa kabatini ikingoja ajali ambayo tayari ilikuwa imeshatokea.

Mwaka 1992, kwa toleo jipya la CD, ndipo kanda ya akiba ilipotumiwa, na toleo la 1997 likaisambaza kwa watu wengi zaidi. Kwa miaka 33, basi, mojawapo ya albamu za jazz zinazopendwa kuliko zote duniani ilikuwa ikisikika na upande mmoja uliopanda. Wapo waliozoea hivyo hata wakaona toleo lililosahihishwa limepoa. Siwalaumu, maana mwendo ukizidi kidogo hata matoazi ya mpiga ngoma Jimmy Cobb yanachangamka.

Ukitaka kujua nakala yako ni ipi, fungua programu ya kutyunia gitaa kwenye simu, kisha cheza So What. Sehemu ya kwanza ya wimbo imejengwa juu ya noti ya D, kwa hiyo utaipata mara nyingi kwenye besi. Mshale ukikaa upande wa juu wa D kila mara, huenda una toleo la zamani. Lakini usitangaze bado. Geuza santuri ucheze All Blues, ambayo imejengwa juu ya G na ilirekodiwa Aprili bila kasoro. Ikiwa nayo iko juu, Columbia haina kosa. Kagua mkanda wa mashine yako ya santuri.